Helikopta za Apache zilivyowagawa majenerali wa Marekani

Na Mwandishi Wetu

MVUTANO uliozuka mwaka 2014 ndani ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani ulidhihirisha kwamba fedha zinapopungua, hata maofisa wanaovaa sare moja huweza kugeukiana hadharani.

Upande mmoja walisimama wakuu wa jeshi la kudumu, ambao askari wake wako kazini mwaka mzima. Upande wa pili walikuwa Walinzi wa Taifa, askari wa akiba ambao wengi wao ni raia wenye ajira zao na ambao, wakati wa amani, huamriwa na magavana wa majimbo.

Chanzo cha mzozo huo ni sheria ya mwaka 2011 iliyoweka ukomo wa matumizi ya Serikali. Machi 2013 makato yaliyotokana na sheria hiyo yalianza kutekelezwa, na Wizara ya Ulinzi ikalazimika kuchagua nini kibaki na nini kiondolewe.

Februari 2014, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Chuck Hagel, alitangaza mpango wa kupunguza jeshi la kudumu kutoka askari wapatao 520,000 hadi kati ya 440,000 na 450,000. Walinzi wa Taifa nao wangeshuka kutoka 355,000 hadi 335,000.

Hata hivyo, kilichowasha moto zaidi ni helikopta. Jeshi lilitaka kustaafisha helikopta kongwe za upelelezi aina ya Kiowa na kazi yake kupewa Apache, ambazo ni za mashambulizi. Ili zitoshe, Apache zote 192 za Walinzi wa Taifa zingehamishiwa jeshi la kudumu, nao wangepewa Black Hawk, zinazofaa kusafirisha askari na kuokoa watu wakati wa maafa.

Mnadhimu Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu wakati huo, Jenerali Ray Odierno, alitetea mpango huo akisema askari wa akiba hufanya mazoezi siku 39 tu kwa mwaka, hivyo hawawezi kuchukuliwa kuwa mbadala wa askari wa kudumu katika kila jukumu.

Kauli hiyo iliwachoma Walinzi wa Taifa, waliokuwa wametoka katika vita vya Iraq na Afghanistan. Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipoipiga pwani ya kusini ya Marekani, brigedi za Walinzi wa Taifa kutoka Louisiana na Mississippi zilikuwa Iraq huku makwao kukihitaji waokoaji.

Watetezi wao walijenga hoja kuwa askari wa akiba ni nafuu, kwa sababu hulipwa mshahara kamili anapoitwa kazini tu. Jeshi la kudumu lilijibu kuwa unafuu huo hupungua pindi askari huyo anapohitaji miezi ya maandalizi kabla ya kupelekwa vitani.

Walinzi wa Taifa walikuwa na silaha nyingine: siasa. Kila jimbo lina kikosi chake, hivyo kila gavana na kila mbunge alikuwa na la kupoteza. Magavana waliupinga mpango huo, na wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Safari hii palipodhaniwa kuwa pembamba palikuwa na nguvu.

Bunge liliunda tume iliyoongozwa na Jenerali mstaafu Carter Ham, aliyewahi kuongoza kamandi ya Marekani kwa ajili ya Afrika. Januari 2016 tume hiyo ilipendekeza Walinzi wa Taifa wabaki na batalioni nne za Apache, kila moja ikiwa na helikopta 18, na jeshi la kudumu lisishuke chini ya askari 450,000.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyoongeza idadi ya askari kwa mwaka wa fedha wa 2017, jeshi la kudumu likipangiwa 476,000 na Walinzi wa Taifa 343,000.

Suala hilo linaigusa pia Afrika Mashariki. Walinzi wa Taifa wa Massachusetts waliingia katika ushirikiano na Kenya mwaka 2015, na wale wa Nebraska na Tanzania mwaka 2016. Hivyo, mgawanyo wa fedha unaoamuliwa Washington huwahusu pia askari wanaokuja kufanya mazoezi na majeshi ya ukanda huu.