Viza, Pasi ya Reli na Msafiri Atokaye Gusii

Reli iliyojengwa kutoka Mombasa ilifika Kisumu, mji ulioitwa wakati huo Port Florence, mnamo Desemba 1901, na tangu hapo haijapata kupanda milima ya Gusii. Kwa hiyo mtu wa Kisii au Nyamira aliyeazimu kuizunguka Ulaya kwa treni huianza safari yake kwa matatu, akapitia Narok au Kericho hadi Nairobi. Wanariadha wa nchi hii walitangulia kuvuka bahari: Nyandika Maiyoro alishindana London na Vancouver mwaka 1954, na Naftali Temu akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki huko Mexico mwaka 1968. Lakini hao walisafiri chini ya serikali na vyama vya riadha, hati zao zikishughulikiwa na wengine. Mwalimu, mkulima wa chai, au mchuuzi wa vinyago vya mawe ya Tabaka anayesafiri leo kwa fedha zake mwenyewe, pasipo wakala, hana budi kuwa karani wa safari yake. Nami naamini kwa dhati kwamba kazi hiyo aiweza, madhali ajue lipi hutangulia na lipi hufuata.

Shida huanzia kwenye hati mbili zenye tabia zisizopatana. Viza ya Schengen, iliyopata jina lake kwa kijiji cha Luxembourg ambako mkataba ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985, hufungua milango ya nchi 29, ila humtaka mwombaji aeleze angali nyumbani atalala wapi, usiku gani, na atarudi lini. Pasi ya reli iitwayo Eurail, iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya watu wasioishi Ulaya, humruhusu mwenye nayo kupanda treni katika nchi 33, na mara nyingi kubadili nia akiwa stesheni. Wengi huvutiwa na uhuru huu wa pili, wakainunua pasi kwanza, na hapo ndipo fedha hupotea. Utaratibu ulio salama ni kuichora njia kwanza, kisha kuomba viza, na pasi iwe ya mwisho.

Njia huchorwa kwanza kwa sababu ndiyo inayoamua ubalozi wa kuendea. Chukua mwalimu wa Keroka atakayesafiri likizo ya Agosti: ashukie Amsterdam akae siku 2, aende Köln na miji ya mto Rhine siku 4, Uswisi siku 3, kisha Milano na Roma siku 5. Ombi lake ni la Italia, kwa kuwa huko ndiko atakakokaa siku nyingi zaidi, wala si la Uholanzi atakakotua. Nchi ya kutua huangaliwa pale tu siku zinapolingana. Akitamani kuongeza London, na akumbuke kwamba Uingereza imo katika pasi ya reli lakini haimo katika Schengen, nayo ina viza yake mbali.

Pasipoti huombwa kwa eCitizen, na ofisi ya Uhamiaji iko Kisii mjini, hivyo hatua hiyo haimlazimu mtu kwenda mbali. Ombi la viza hupelekwa Nairobi, si zaidi ya miezi 6 kabla ya safari wala si chini ya siku 15, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ombi likikataliwa. Alama za vidole zikishachukuliwa hutunzwa kwa miezi 59, basi mwenye kuomba tena ndani ya muda huo kwa kawaida hatakiwi kuzitoa upya.

Penye uzito ni ithibati ya fedha na ya kurudi nyumbani, na hapa mtu wa Gusii ana mambo yake mahususi. Mkulima anayepeleka majani kiwandani Kebirigo au Nyansiongo hulipwa kidogo kila mwezi, kisha bonasi ikaingia kwa mkupuo mara moja kwa mwaka. Karani wa ubalozi anayeisoma taarifa ya benki huona akaunti iliyokuwa kavu miezi yote, mara ikafurika, naye hushuku kwamba fedha zimeazimwa ili zionekane. Dawa yake ni kuambatisha stakabadhi za kiwanda za miaka miwili au mitatu, na barua fupi inayoeleza jinsi chai inavyolipwa. Kadhalika hati ya shamba: katika vilima hivi ambako ardhi imegawanywa kizazi baada ya kizazi, aghalabu hati ingali na jina la babu aliyefariki zamani. Nisingemshauri mtu aitoe kana kwamba ni yake. Afadhali alete barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, taarifa ya Sacco, na vyeti vya watoto aliowaacha shuleni. Ukweli ulioandikwa vizuri una nguvu kuliko hati isiyolingana na jina.

Viza ikitoka, soma stika hapohapo dirishani. Tarehe za kutumika ni jambo moja, na idadi ya siku za kukaa ni jambo jingine, na siku ya kuingia na ya kutoka zote mbili huhesabiwa. Hapo ndipo pasi inunuliwe, na hata hapo kwa hisabu. Iko ya siku 4 za safari ndani ya mwezi, ya siku 7, ya siku 15 ndani ya miezi miwili, na nyinginezo. Mwalimu wetu ana safari ndefu nne au tano tu. Na alinganishe bei ya pasi na ya tiketi mojamoja zinazonunuliwa mapema, kwani mara nyingine tiketi hushinda. Ndani ya Luxembourg, treni za daraja la pili ni bure kwa kila mtu tangu 2020, basi si busara kutumia siku ya pasi huko.

Pasi, hata hivyo, si kiti. Treni za kasi za Ufaransa, Italia na Hispania hudai nafasi iwekwe kwa ada ya ziada. Nyingi za Ujerumani na za ndani ya Uswisi hazidai. Treni ya Basel hadi Milano huidai, nayo ndiyo ambayo nisingetaka mtu aikose, kwani kuna zinazopita ndani ya handaki la Gotthard, la kilomita 57, lililofunguliwa 2016, refu kuliko mahandaki yote ya reli duniani. Pasi ikiwa kwenye simu, safari iandikwe kabla ya kupanda. Asiyeandika anaweza kutozwa faini kama asiye na tiketi.

Jambo la mwisho lawahusu wazazi wenye watoto wauguzi au wanafunzi huko Ujerumani. Kinachoangaliwa na wenye reli ni makazi, si uraia: mama atokaye Nyamira atanunua Eurail, na mwanawe mkaazi wa Köln, japo wote wana pasipoti ya Kenya, atanunua Interrail, pasi ya wakaazi wa Ulaya tangu 1972. Watakaa behewa moja, ila pasi ya mwana humruhusu safari moja tu ya kutoka nchi anamoishi na moja ya kurejea. Wakitaka kuzunguka Ujerumani kwanza, mama atatumia pasi yake, na mwana akate tiketi za kawaida.