Nuktambili katika Kutanguliza Nukuu: Mifano ya Masimulizi ya Rufiji

Makala haya yanajadili matumizi ya nuktambili (:) katika kutanguliza nukuu, hususan katika uandishi wa masimulizi yanayokusanywa Kibiti na delta ya Rufiji. Hoja ya msingi ni kwamba alama hiyo humwahidi msomaji kuwa maneno yanayoifuata ni ya msemaji mwenyewe. Mifano ifuatayo imetungwa kwa ajili ya ufafanuzi:

(a) *Mzee alisema kwamba: "Nilihama bondeni kwa sababu ya mafuriko."
(b) Mzee alisema kwamba alihama bondeni kwa sababu ya mafuriko.
(c) Mzee alieleza sababu ya kuhama kwake hivi: "Nilihama bondeni kwa sababu ya mafuriko."

Katika (b), "kwamba" hutanguliza usemi wa taarifa, na nafsi hubadilika: ni- huwa a-. Katika (c), "hivi" hukamilisha kauli tangulizi na kuutayarisha usemi halisi. Sentensi (a) huchanganya miundo hiyo miwili. Kosa hilo si dogo. Nukuu ndefu aghalabu hujongezwa ndani bila alama za mtajo. Hapo kiambishi ni- chaweza kudhaniwa kuwa ni cha mtafiti, na ushahidi ukahama kutoka kwa mzee hadi kwa mwandishi.

Utata huzidi pale msimulizi anapotumia Kindengereko ilhali nukuu imeandikwa kwa Kiswahili. Maneno yanayosomwa si yale yaliyotamkwa. Kwa hiyo, kauli tangulizi haina budi kulitaja jambo hilo kabla ya alama, kwa mfano: "Mzee alieleza hivi, kwa tafsiri ya mtafiti:".

Uzito wa suala hili hudhihirika katika historia ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Mafundisho yake yanajulikana kupitia vinywa vya watu wengine. Katika maandishi ya tamthilia, nuktambili hufuata jina la mhusika, na msomaji wa Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein anafahamu kwamba maneno yale ni ya kubuni. Msomaji wa tasnifu ya historia hana fahamu hiyo. Huamini alama aliyowekewa. Mtafiti asiye na maneno halisi ya msemaji atumie "kwamba", na nuktambili aiache.