Utangulizi: Kusakinisha Programu za Mafunzo kwenye Kompyuta Iliyofungwa

Rwamgasa, kijiji cha wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita, si mgeni wa mafunzo. Kuanzia mwaka 2002 hadi 2007 kilikuwa eneo la Tanzania katika Mradi wa Dunia wa Zebaki, uliosimamiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, katika nchi sita, zikiwamo Brazil, Indonesia na Zimbabwe. Wakati ule somo lilikuwa la kushika mkononi: retoti, chombo kilichofunikwa cha kuchomea mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, inawekwa motoni, mvuke wa zebaki unanaswa badala ya kuingia kifuani mwa mchomaji. Leo STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, ina kituo cha mfano hapohapo, kama ilivyo Katente na Itumbi. Na sehemu ya somo sasa inaweza kubebwa kwenye laptopu, ikiwa na video, michoro ya duara (shimo la kuchimbia) na ya mwalo (eneo la kuchenjulia), na maswali ya kujipima. Hapo ndipo taaluma yetu inapoanzia. Karibu, hasa wewe kijana wa TEHAMA au mkufunzi uliyedhani kwamba kusakinisha programu ni kubofya tu.

Tazama linalotokea. Mkufunzi anachomeka flashi, anabofya faili ya kusakinisha, skrini inafifia, na kisanduku kinadai nywila ya msimamizi. Nywila anayo mtu aliyeko Dar es Salaam au Mwanza, mtandao unakatika, na wachimbaji wameshaacha makarasha yao ya kusagia mawe kuja kusikiliza. Kishawishi cha kwanza ni kumpigia msimamizi ataje nywila kwa simu. Cha pili ni kuzima kinga ya virusi. Vyote viwili ni vya kukataa. Kuzima kinga ili programu iingie ni sawa na kung'oa matimba yanayoshikilia kuta ili duara liwe pana.

Lazima kwanza tuelewe kwa nini kompyuta imefungwa. Mwaka 1975 Saltzer na Schroeder walieleza kanuni ambayo bado ndiyo msingi wa somo hili: kila programu na kila mtumiaji apewe uwezo unaotosha kazi yake, usiozidi hapo. Windows ilianza kuuliza ruhusa kwa kisanduku kile ilipotoka Vista mwaka 2007. Kabla ya hapo watu wengi walifanya kazi zao zote wakiwa na mamlaka ya msimamizi, na kirusi kilichoingia kiliyarithi yote. Tena laptopu ya mafunzo mara nyingi ndiyo hiyohiyo ya ofisi, yenye majina na namba za simu za wachimbaji. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, kuzitunza taarifa hizo ni wajibu wa kisheria.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Ofisi inayotumia AppLocker, kizuizi cha programu kilichomo ndani ya Windows, huruhusu programu kwa njia tatu: kwa saini ya kidijitali ya mtengenezaji, kwa folda ilimo, au kwa hashi ya faili, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Kanuni zake za kuanzia huruhusu kilichomo kwenye Program Files na folda ya Windows. Kwa sababu hiyo, ile mbinu ya kusakinisha ndani ya folda ya mtumiaji, ambayo haidai nywila, inagonga ukuta. Mimi napendelea saini. Toleo jipya likitoka, ruhusa inabaki, ilhali hashi hubadilika kwa kila toleo na kumlazimu msimamizi aandike kanuni upya.

Hata hivyo hashi ina kazi nyingine ambayo kila mkufunzi anaiweza bila mamlaka yoyote. Fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Utapata herufi na tarakimu 64. Zilinganishe na zile alizozitangaza mtengenezaji. Zikitofautiana hata moja, faili uliyonayo siyo aliyoitoa. Iache, hata kama darasa limejaa. Hili ni muhimu zaidi kwetu tunaosafirisha programu kwa flashi. Windows huitia alama faili iliyopakuliwa intaneti ili ihojiwe kabla ya kufunguliwa, lakini flashi ya FAT32 haihifadhi alama hiyo. Faili inafika Rwamgasa ikionekana safi kumbe asili yake imefutika njiani.

Chukua mfano wa Kolibri ya Learning Equality, programu huria ya kufundishia pasipo intaneti, yenye sura ya Kiswahili. Kompyuta moja inabeba masomo, simu za wanafunzi zinaunganishwa kwa Wi-Fi na kuyasoma kupitia kivinjari, kwa kawaida kwenye mlango wa mtandao (port) namba 8080. Kuisakinisha ni nusu ya kazi. Ukuta wa moto ukiwa umeuchukulia mtandao ule kuwa wa hadharani, simu hazitaona chochote, na watu watailaumu programu bure. Msimamizi anapaswa kuufungua mlango huo mmoja, kwa mtandao wa darasa tu.

Kwa maoni yangu, tatizo kubwa zaidi liko kwenye utaratibu. Maombi ya ruhusa yanapelekwa yakiwa matupu: "tunaomba programu ya mafunzo." Taja jina la programu, toleo, mtengenezaji, hashi, mlango inaoutumia na tarehe ya mafunzo, nawe utampa msimamizi kitu cha kuamulia. Naye ana deni lake: kumjibu mtu wa kijijini mapema, na kutoa nafasi ya usaidizi wa mbali kabla ya siku yenyewe.

Basi wewe unayeandaa mafunzo, kabla gari halijaondoka mjini, ingia kwa akaunti ileile atakayoitumia mkufunzi, zima intaneti, fungua somo mwanzo hadi mwisho, kisha unganisha simu moja uone kama nayo inasoma.