Sindano ya moto kwa uvimbe wa mapafu: inafaa nani?



Siku hizi swali moja linarudi mara kwa mara katika dispensere: «Munganga, ni kweli kwamba sasa wanachoma kansere ya mapafu kwa sindano, bila kupasua kifua?» Mara nyingi anayeuliza ana baba au mjomba anayekohoa, na jamaa imekwisha kufikiri kuuza kiwanja ili imsafirishe. Jibu ni ndiyo, ni kweli. Lakini kabla ya kuuza kiwanja, soma kwanza ukurasa huu.

Tangu mwaka 1891 mtaalamu Mfaransa d'Arsonval alionyesha kwamba umeme unaobadili mwendo wake mbio sana unaweza kupita katika mwili bila kumtikisa mtu, ukaacha joto tu. Waganga wa upasuaji waliutumia kwanza kwa kukatia nyama na kuzuia damu. Mwaka 2000 wanganga wa Marekani wakatangaza kwamba wamechoma uvimbe wa mapafu ya wagonjwa wachache kwa njia hiyo.

Kazi inafanyika hivi. Mgonjwa analala ndani ya skaneri, ile mashini ya picha inayoonyesha mwili vipande vipande kama mkate uliokatwa. Anapigwa ganzi, au analazwa usingizi kabisa. Munganga anapitisha sindano ndefu kati ya mbavu, nyembamba kama milimeta 2 hivi, huku akitazama picha, mpaka ncha iingie katikati ya uvimbe. Hapo umeme unafunguliwa. Unabadili mwendo karibu mara 500.000 kwa sekunde moja, na nyama iliyo karibu na ncha inapata moto. Joto likipita digrii 60, chembe za kansere zinakufa mara moja, zinaganda kama ute wa yai katika sufuria. Kuna pia sindano ya mikrowevu, mawimbi ya namna ileile ya majiko ya mjini yanayopasha chakula bila mwali wa moto. Hayo yanatikisa maji yaliyo ndani ya nyama, na hewa ya mapafu haiyazuii sana.

Hewa hiyo ina faida yake pia. Inazuia joto lisitoke, sawa na samaki uliyemfunga katika majani na kumfukia katika majivu: uvimbe unaiva, mapafu ya kando yanabaki. Lakini uvimbe ukikaa karibu na mshipa mkubwa wa damu, damu inayopita inabeba joto kama maji yanavyopoza mota, na chembe nyingine zinapona. Tena kila sindano inayotoboa pafu inaweza kuvujisha hewa ndani ya kifua. Jambo hilo linatokea mara nyingi. Wengi wanaangaliwa tu, wengine wanawekewa mpira wa kutoa hewa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kiwanja chako kinaokoka au kinapotea bure. Sindano ya moto inafaa zaidi kwa uvimbe usiozidi sentimeta 3, yaani kama upana wa vidole viwili. Munganga lazima achome uvimbe wote, pamoja na pembe ya nyama nzima kuuzunguka. Ukiwa mkubwa zaidi, kansere inabaki pembeni na kuota tena. Ukiwa umekwisha kutembea mpaka mifupa au kichwa, sindano haiponyeshi. Na mgonjwa mwenye nguvu ya kutosha anashauriwa upasuaji kwanza. Sindano ni hasa kwa yule ambaye moyo wake au pumzi yake haiwezi kustahimili kisu. (Kuhusu wale wanaochoma ngozi ya kifua kwa chuma cha moto: joto hilo halifiki kwenye mapafu, linaacha kidonda tu.)

Je, uvimbe wa sentimeta 3 unaleta maumivu? Mara nyingi hapana. Unaleta kikohozi kidogo, au hauleti kitu. Nasi huku Kalima kila kikohozi tunakiita kifua kikuu au vumbi. Mtu anameza vidonge vya dukani, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano, na muda huo uvimbe unaota.

Vumbi lenyewe si rafiki. Wazee waliotoboa kwarzi tangu siku za Symétain na baadaye SOMINKI wanajua jinsi lilivyokausha pumzi za wenzao. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa kansere, lililo Lyon, Ufaransa, liliandika vumbi la silika katika orodha ya vitu vinavyoleta kansere kwa binadamu. Huko Gejiu, Uchina, wanakochimba kasiteriti kama sisi, wachimbaji wengi wa chini ya ardhi walipata kansere ya mapafu kwa sababu ya hewa ya radoni na vumbi lenye arseniki. Sigara juu ya hayo inazidisha hatari. Kapita anapokuambia umwagie mwamba maji kabla ya kutoboa, usimwone msumbufu.

Dispensere yetu haina skaneri. Kwa jirani zetu, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, inafundisha tangu mwaka 2018 wanganga wanaotibu kwa sindano huku wakitazama picha. Sehemu kubwa ya kazi yao ni kutoa usaha na kuchukua kipande cha uvimbe ili kipimwe. Hakuna munganga mwenye akili atakayechoma kitu asichokijua jina.

Basi ukikohoa zaidi ya majuma 2, ukitema damu, au ukikonda bila sababu, njoo. Leta makohozi ya asubuhi, yale yanayotoka ndani ya kifua, si mate ya kinywani. Tukikosa kifua kikuu na kikohozi kikaendelea, usirudi nyumbani na chupa ya dawa tu: omba barua ya kupigwa picha ya kifua. Na kama una picha ya zamani, hata ya miaka 10, ije nayo. Munganga akiziweka mbili pamoja, anaona upesi kama kile kidoa ni kovu la zamani au ni kitu kinachoota.