Kioo Kilichobeba Sauti ya Baba

Fundi alilegeza skrubu ya mwisho, akainua kifuniko, akanisogezea diski chini ya taa ya meza yake pale Luthuli Avenue, Nairobi. Ndani mlikuwa na sahani mbili zinazong'aa kama kioo cha kinyozi. Niliuona uso wangu. Kisha nikauona mkwaruzo, duara jembamba kama lililochorwa kwa ncha ya sindano, limeizunguka sahani ya juu. "Kichwa kiligusa hapa," akasema. "Hii hairudi, bosi wangu."

Diski hiyo ilikuwa imeanguka kutoka juu ya friji nyumbani kwetu Umoja, ikiwa bado inazunguka. Ndani yake zilikuwemo picha za harusi ya dada yangu, vitabu nilivyonunua, na dakika 11 za sauti ya marehemu baba akisimulia alivyofika Makongeni akiwa kijana, amekuja kufanya kazi ya reli. Nilimrekodi kwa simu, nikaihamishia sauti kwenye diski, nikaifuta kwenye simu ili nipate nafasi. Nakala ya pili sikuweka.

Kwa wiki kadhaa nilizunguka na swali moja. Kioo kile kiliwezaje kushika sauti ya mtu? Na kama kiliishika, mbona mkwaruzo mmoja uliibeba yote? Jibu nililipata katika ugunduzi wa mwaka 1988, na tangu niuelewe siwezi tena kuitupa diski mezani kama mtu anayetupa funguo.

Uso wa sahani ile umepakwa utando mwembamba wa sumaku. Utando huo umegawanywa vipande vidogo mno, na sumaku ya kila kipande inaweza kuelekezwa upande mmoja au upande wa pili. Kwa pande hizo mbili kompyuta huandika moja na sufuri. Sauti, picha, kitabu cha hadithi, vyote huishia kuwa msururu wa moja na sufuri. Diski ya tera 4, ambayo leo inaingia mfukoni mwa koti, inabeba trilioni 32 za alama hizo. Diski ya kwanza ya ukoo huu, iliyotolewa na IBM mwaka 1956 kwa jina la RAMAC, ilikuwa na sahani 50 na uzito wa kama tani moja, ikabeba herufi milioni 5. Picha moja ya simu yako ingeijaza.

Kazi ngumu ilikuwa kusoma. Kipande cha sumaku kikipunguzwa, nguvu yake nayo inapungua, mpaka kichwa kinachopita juu yake hakihisi kitu. Ili diski ibebe mengi, ilihitajika pua kali zaidi ya kunusa sumaku dhaifu.

Pua hiyo ilipatikana mahali pawili karibu wakati mmoja: kwa Albert Fert na wenzake huko Orsay, karibu na Paris, na kwa Peter Grünberg huko Jülich, Ujerumani Magharibi. Walipanga tabaka za chuma na kromiamu, nyembamba kiasi cha atomu chache tu, wakapitisha umeme. Sumaku za tabaka za chuma zilipogeuzwa, ukinzani wa umeme ulibadilika kuliko ilivyowahi kuonekana. Katika majaribio ya Fert, kwenye baridi kali sana, ulishuka karibu nusu.

Mimi nilielewa nilipoufikiria mlango wa ploti. Chukua ploti yenye mageti mawili, moja nyuma ya jingine, kila geti na mlinzi wake. Wapangaji ni makundi mawili yaliyo sawa. Walinzi wote wawili wakilifahamu kundi lilelile, kundi hilo linapita bila kuulizwa kitu, na watu wanaingia kwa wingi hata kama wale wengine wanacheleweshwa. Lakini mlinzi wa kwanza akilifahamu kundi moja, na wa pili akilifahamu lile jingine, hakuna mpangaji atakayefika nyumbani bila kusimamishwa mahali. Foleni inatokea mpaka barabarani. Elektroni ndizo wapangaji, kwa kuwa kila moja ina kitu kama mzunguko wake, na mizunguko hiyo ni ya aina mbili. Tabaka za chuma ndizo walinzi. Sumaku zao zikielekea upande mmoja, umeme unapita vizuri. Zikipingana, umeme unabanwa.

Sasa mfunge mlinzi mmoja asigeuke kamwe, na yule mwingine umwache ageuzwe na sumaku yoyote inayopita karibu naye. Hapo umepata kichwa cha kusomea diski. Kila kipande cha sahani kinapopita chini yake, umeme unalegea au unabanwa, na kompyuta inasoma moja au sufuri. Stuart Parkin, wa maabara ya IBM huko California, alionyesha kwamba tabaka hizo zinaweza kutengenezwa kwa njia ya haraka na nafuu, na zikafanya kazi katika joto la kawaida la chumba. Mwaka 1997 IBM ilitoa diski yenye kichwa cha namna hiyo, ya gigabaiti 16.8. Miaka 10 baadaye Fert na Grünberg wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Vichwa vya leo vinatumia ndugu mdogo wa ugunduzi huo, ambapo mahali pa kromiamu pamewekwa utando usiopitisha umeme, lakini habari ya walinzi wawili ni ileile.

Na hapo ndipo nilipoielewa friji yangu. Ili kinuse vyema, kichwa huelea nanomita chache tu juu ya sahani inayozunguka mara 90 kila sekunde. Unywele mmoja ni mnene maelfu ya mara kuliko nafasi hiyo. Kwa kichwa hicho, chembe ya vumbi la Umoja ni mlima, na kuanguka kutoka juu ya friji ni tetemeko la ardhi.

Baada ya msiba ule wa diski nilinunua laptopu kuukuu ya ex-UK, skrini ina ufa, nikaiweka kwenye rafu ya chini kabisa, mbali na mtoto na mbali na jiko. Hiyo ndiyo seva yetu. Inatumia kama wati 20, maana yake uniti 14 na kidogo kwa mwezi. Piga hesabu kwa tokeni zako. Kwa kuwa ni laptopu, stima ikipotea inabaki macho kwa betri yake. (Betri kuukuu ichunguzwe kila mara, ikianza kuvimba, itolewe siku hiyohiyo.) Nimeiwekea programu ya bure iitwayo Jellyfin, inayozipanga video na nyimbo zetu ili zionekane kwenye runinga na simu zote za nyumba, na Kiwix, inayohifadhi Wikipedia nzima ya Kiswahili isomwe bila intaneti. Majirani huniuliza kama inamaliza bando. Haimalizi. Waifai ya ndani ya nyumba ni barabara kati ya ruta na simu. Bando huliwa pale tu unapotoka nje kwenda kwenye intaneti. Kampuni ya BRCK ya hapa Nairobi ilitumia akili hiyohiyo ilipofunga vifaa vyake vya Moja ndani ya matatu: video na vitabu vilikaa ndani ya gari lenyewe, na abiria akavisoma kutoka humo.

Ninachoweka kwenye seva yetu ni chetu, au nimekilipia, au mwenyewe amekitoa bure. Hata hivyo kazi ni kubwa, na mkono wa binadamu husahau. Kwa hiyo nimeiachia mashine. Saa nane usiku inachukua picha mpya kutoka kwenye simu zetu, inasoma tarehe iliyoandikwa ndani ya kila picha, inaipa jina na kuiweka kwenye folda ya mwaka na mwezi wake. Kisha inanakili kila kitu kwenye diski ya pili. Nakala ya tatu iko kwa shangazi, Kayole, maana mwizi na moto havichagui diski.

Kunakili peke yake hakutoshi, kwa sababu nakala inaweza kuharibika kimyakimya. Richard Hamming wa Bell Labs alikerwa na mashine zilizogundua kosa na kuiacha kazi yake njiani mwisho wa wiki. Akajiuliza, kama mashine inajua imekosea, mbona isijue imekosea wapi? Mwaka 1950 akachapisha njia ya kuongeza alama chache za ziada zinazoonyesha kosa lilipo ili lirekebishwe. Diski za leo hujisahihisha kwa mbinu zilizokua kutoka kwenye wazo hilo. Juu yake seva yangu huweka ulinzi mmoja zaidi: kila faili hupigiwa hesabu inayotoa herufi na tarakimu 64, kama alama ya kidole. Ukibadilisha chochote ndani ya faili, hata alama moja, alama ya kidole inakuwa nyingine kabisa.

Kazi hii ya kuhifadhi, kwa kiwango cha mji, nayo ina watu wake. Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, limezishughulikia maktaba za Kaloleni na Makadara pamoja na ile ya McMillan, na hazina za zamani za McMillan zimekuwa zikiingizwa kwenye kompyuta. Nimekaa Kaloleni nikiwatazama watoto wakisoma, nikafikiria ni karatasi ngapi za mtaa huu ziko chini ya vitanda, zikisubiri mvua.

Ile sauti ya dakika 11 haikurudi. Lakini shangazi wa Kayole alikuwa amehifadhi kipande cha dakika mbili, nilichokuwa nimekituma kwenye kundi la familia na kukisahau. Mwaka jana, usiku mmoja, stima ilipotea wakati wa kunakili. Laptopu ilibaki macho, ila diski ya pili, inayotegemea waya wake wa ukutani, ikazima. Asubuhi nilikuta ujumbe mfupi: alama ya kidole ya faili moja haifanani. Lilikuwa faili la baba. Seva ilikuwa tayari imelilinganisha na nakala ya Kayole, ikaithibitisha ile nzima, ikaiandika upya mahali pa ile iliyokatika.

Nilimwekea mama aisikilize kwenye runinga. Baba anakohoa, anacheka, anataja nambari ya nyumba waliyopewa na reli. "Sio hiyo," mama akaiambia runinga. "Hiyo ilikuwa ya kwanza."