Apdeti Hukuitisha

Ukiteremka Cyangugu mpaka karibu na daraja la Rusizi, simu inaeza kukukaribisha Congo na bado umesimama Rwanda, umechill, unacheki tu vile maji ya Kivu yanaanza safari ya kushuka Tanganyika. Bukavu iko hapo tu ng'ambo, na minara ya simu haijawahi skia mambo ya mpaka. Laini yako ya Rwanda ikipoteza nguvu kidogo, inadandia netiweki ya Congo, na credo inaoshwa kabla umalize kusema alo. Ule mpango wa mtandao mmoja wa East Africa wenye ulianza 2014 ulipunguza makali ya rominga kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Congo haikuwa ndani. Hata Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe waliingia 2022.

Kwa hivyo wasee wa Kamembe, mji wa upande huu wa Rwanda, hasa wale wa kuvuka asubuhi na kurudi jioni, wako na katabia flani. Wanaingia kwa mipangilio, wanazima ile kitu ya simu kujichagulia netiweki, wanaigandisha kwa laini ya Rwanda. Uliza msee hiyo kitu inaitwaje, hajui. Kidole ndio kinajua. Finya hapa, shuka, finya ya tatu, toka. Anaeza ifanya akiwa nyuma ya pikipiki, helmeti kichwani, anabonga na dere.

Alafu apdeti inakuja usiku.

Yangu ni simu ya kitambo. Kampuni sitaji, sitaki kesi. Kioo kimepasuka kona, betri ina siku zake, lakini tulikuwa tumezoeana. Ilikuwa imenisumbua kitambo, eti niingize toleo jipya saa hii ama baadaye. Cheki hiyo orodha vizuri: saa hii, ama baadaye. "Hapana" haikuwa hapo. Kama ulikuwa unajiuliza nani mwenye simu kati yako na walioitengeneza, jibu ndio hilo. Nikaendelea kufinya baadaye, mpaka usiku mmoja nikaiacha kwa chaji na waifai ya mshkaji, asubuhi nikaamkia sura nyingine. Saa imehama kona. Rangi zimekuwa za chekechea. Vitufe vimenona kama maandazi, na vile nilikuwa natumia kila siku vimezikwa ukurasa wa pili. Netiweki nayo imerudi kujichagulia. Hiyo ya mwisho niliijua nikiwa chini kwa mpaka, meseji ya karibu Congo ilipoingia.

Na manze, hiyo simu ilikuwa moto! Unaiweka mfukoni unaskia paja inachomeka. Nikaipeleka kwa fundi, kibanda iko karibu na soko la Kamembe, jamaa wa Bukavu mwenye amekaa upande huu miaka mob. Mbele yangu kulikuwa na kijana wa moto, yaani pikipiki ya kubeba abiria, amekasirika, ameweka yake kwa meza. "Yaya, banabadirisha tena? Mega zangu zinaisha tu!" Alikuwa anatafuta mahali pa kuzima data.

Hiyo stori ya data wengi hawaijui. Mpaka 2021, kwa simu nyingi za Android, ulikuwa unavuta pazia la juu, unafinya mara moja, data imezima. Android 12 ilikuja ikakunja data na waifai pamoja kwa kitufe kimoja cha intaneti: unafinya, kadirisha kanafunguka, alafu ndio unazima. Kampuni zingine ziliacha vitufe viwili kwa simu zao, zingine zikafuata. Google walijitetea eti watu wanazimanga waifai ikiwa mbovu, wanasahau kuiwasha, data inaliwa. Sawa, ni poa kwa mse mwenye ako na waifai kejani. Lakini kijana wa moto wa Kamembe hana waifai ya kusahau. Yeye ananunua bando ya siku, anawasha data dakika mbili, anacheki WhatsApp, anazima, anangoja abiria. Hizo sekunde za kufinya mara mbili, na zile siku anadhani amezima na hajazima, ni pesa yake ya chai.

Kitu ingine ya hivo ilikuja Agosti 2025. Google ilipea programu yake ya kupigia simu umbo jipya, dunia nzima, na mamilioni ya watu hawakufinya chochote. Ilibadilika tu. Keypadi ikahamia chini, vipendwa na simu za juzi vikawekwa ukurasa mmoja, hata kupokea simu kukaanza kutaka kidole kiende kando badala ya kupanda juu. India, Nigeria, kila mahali watu walipiga kelele. Huku nayo uzito ni mwingine, ju keypadi si ya kupiga simu peke yake. Ndio mlango wa pesa. MoMo ya Rwanda ni *182#, na kulipa dukani ni *182*8*1# alafu namba ya duka. Mtu anasimama mbele ya muuza ndizi, foleni nyuma yake, na keypadi haiko pale iliachwa jana. Wazee wengi huku hawasomi kioo. Wanajua mahali. Ukihamisha kitufe, umemfanya mtu mwenye alikuwa anajitegemea aanze kupea watoto wa jirani simu yake yenye pesa ndani, wamsaidie. Na namba ya siri atawaambia, ju atafanyaje?

Hapo ndio mi hukasirikanga. Sura mpya ikiwa mbaya, utazoea, binadamu anazoea kila kitu. Kinachoniuma ni kuhamishiwa nyumba bila kuulizwa.

Na si mi pekee naona hivo. Oktoba 2018, mamlaka ya ushindani ya Italia ilitoza Apple faini ya yuro milioni 10 na Samsung milioni 5, ju ya kusukumia watu apdeti zenye simu zao za zamani hazingeweza kubeba. Mwaka mmoja kabla, Desemba 2017, Apple walikuwa wamekubali kwamba wanapunguza mwendo wa iPhone zenye betri zimechoka, eti zisizime ghafla. Februari 2020 Ufaransa nayo ikawatoza milioni 25, na kesi ya Ufaransa haikuwa juu ya kupunguza mwendo. Ilikuwa juu ya kunyamaza. Mse wa Kamembe hana mamlaka ya kupigia kampuni kubwa faini. Yeye ako na fundi.

Fundi alishika simu yangu, akaigeuza, akauliza apdeti iliingia lini. Nikamwambia jana. Akanirudishia. Kumbe baada ya toleo jipya simu huwa inapanga upya programu zote kimyakimya, na hiyo kazi ndio inaleta joto na kula chaji. Ipee siku moja ama mbili, akasema, iwashe upya, alafu ndio uje unilie. Haikuwa mambo ya kubahatisha, ju joto lilipungua vile alisema.

Simu pia ilikuwa inajivuta, so akaichukua tena, mwendo nao akaunyoosha hapo hapo. Aliingia penye imeandikwa namba ya toleo, akaifinya mara saba, menyu ya wasanidi ikafunguka, akapunguza zile mbwembwe za kioo mpaka nusu. Madirisha yakaanza kufunguka chap. Simu haikupata nguvu mpya, imeacha tu kucheza densi kabla ikufungulie kitu. Alafu akanionyesha kuigandisha netiweki tena, sasa iko ndani ya ukurasa wa laini, chini kabisa.

Kijana wa moto yeye alitaka arudishiwe ya zamani. Fundi akakataa. Alisema hivi, na naona ni kweli: kama ni programu moja ndio imebadilika, unaeza ondoa apdeti zake, ishike umbo ilitoka nalo dukani, alafu unazima kujiapdeti kwa Play Store isirudi tena kesho. Lakini mfumo mzima ukishapanda, kuushusha ni kufuta kila kitu, na simu zingine zinakataa kabisa. Mafundi wengine watakuflashia kwa elfu kadhaa, na hapo picha za marehemu shosh zimeenda. Mbaya zaidi, tangu Android 5.1 ya 2015, simu ikifutwa bila mpango inaitisha ile akaunti ya Google ilikuwa ndani. Na akaunti za watu wengi huku zilitengenezwa na muuzaji siku ya kununua simu. Nywila anajua yeye, na yeye alishahamia Kigali.

Kuna wasee wanasema basi dawa ni kukataa apdeti zote milele. Hapo tunaachana. Mwaka huo huo wa 2015 ilijulikana kuwa Android ina tundu lenye video moja ya MMS ingetosha kuingilia simu, na hukuhitaji hata kuifungua. Hizo apdeti ndogo za usalama za kila mwezi zilishika kasi baada ya hapo. Simu yenye inabeba MoMo yako inazihitaji. Shida ni kwamba wakati mwingine kiraka na sura mpya vinakuja kwa mfuko mmoja, na ukitaka dawa lazima ununue pia kanzu. Wangetenganisha hizo vitu mbili, hakuna mse angelalamika.

Tukiwa bado hapo, mama mmoja muuza samaki wa sambaza akasogea, akatoa simu yake imefungwa raba, akauliza kwa upole: "Mwanangu, na hii yangu itabadilika lini?"

Fundi akaicheki. Akacheka kidogo, kwa heshima. "Hii haibadiliki tena, mama. Waliiacha kitambo."

Mama akafurahi. Akamwambia kila mtu hapo kwenye kibanda kwamba yake haina shida, yake imetulia. Fundi ikabidi amweleze ile ingine: tangu Oktoba 2023 WhatsApp inataka Android 5 kwenda juu, na ya mama ilikuwa imebaki nyuma. Ndio maana wateja wake wa Bukavu walikuwa wanapigia simu ya binti yake kuagiza samaki.

Mama akanyamaza, akahesabu kitu kichwani, akaniangalia, akaangalia simu yangu yenye kona imepasuka.

"Hiyo ya kwako," akaniuliza, "unauza pesa ngapi?"