Fangasi kwenye Mpira wa Mkojo

Mzee wa kata ya Gorong'a, upande wa Tarime unaopakana na Hifadhi ya Serengeti, akizibwa mkojo na tezi dume, nafuu yake iko hospitalini. Huwekewa mpira, mkojo ukatoka, maumivu yakatulia. Mara nyingi hurudi nao nyumbani, akisubiri upasuaji.

Mpira huo una kiputo kinachojazwa maji ndani ya kibofu ili usichomoke. Ndivyo ulivyobuniwa na Mmarekani Frederic Foley katika miaka ya 1930. Kibofu kizima hujisafisha kila mtu anapokojoa, vijidudu vikasombwa nje. Penye mpira mkojo huchuruzika tu, na kidogo hubaki chini kando ya kiputo. Kila siku inayopita, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo ni asilimia 3 hadi 7.

Fangasi huja kwa njia hiyo hiyo. Mkubwa wao ni Candida albicans, anayeishi kimya tumboni na ukeni mwa watu wazima wa afya. Hupanda kupitia nje ya mpira, au ndani yake pale mfuko unapofunguliwa ovyo au kuinuliwa juu ya kibofu. Akishika kwenye mpira hurefusha nyuzi na kujifunika utando wa ute ambao dawa huupenya kwa shida.

Kinachomfungulia mlango hasa ni antibayotiki. Mzee akihisi moto, kijana hukimbilia duka la dawa kununua siprofloksasini. Bakteria hufa, fangasi hawaguswi, wakabaki kama magugu kwenye shamba lililong'olewa mahindi. Akiwa na kisukari, sukari iliyo kwenye mkojo huwalisha zaidi.

Kisha cheti cha maabara kinarudi: fangasi wameonekana. Madaktari wengi huandika flukonazoli, dawa ya fangasi, papo hapo, na naona ni haraka mno. Wagonjwa wengi wa namna hii hawana dalili yoyote. Fangasi wamekaa tu, hawajashambulia. Mwongozo wa Marekani wa 2016 unataka kutibu wenye dalili, wanaokaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo, wenye upungufu mkubwa wa chembe nyeupe za damu, na watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana. Kwa wengine, kuutoa mpira peke yake huwaondoa fangasi kwa takriban wagonjwa 4 kati ya 10. Dawa ikihitajika, mkojo uoteshwe kwanza, kwa kuwa Candida krusei haisikii flukonazoli na Candida glabrata mara nyingi ni sugu. Mpira ukilazimika kubaki, uwekwe mpya.

Ukiwa na mgonjwa nyumbani, muulize muuguzi mpira utatoka lini. Homa, baridi kali au maumivu ya ubavuni yakianza, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo. Wala msiuvute wenyewe: kiputo kikiwa bado na maji, huchana njia ya mkojo.